Sura ya Saba: Kilima Kilichopangiwa Sitini

Shahidi wa kwanza kuhojiwa asubuhi hiyo alikuwa jogoo.

Inspekta Wawira alichuchumaa mbele yake, viganja magotini, akamkazia macho vile anavyowakazia wezi wa ng'ombe kule ofisini Nakuru. Jogoo naye akamkazia. Nyuma yake kuku majike walikuwa wamejilaza kwenye udongo wenye joto, mabawa yamelegea, starehe tupu. Walikuwa wamelizunguka tundu la mvuke ambalo Jumanne jioni mzee Hezekiah Muiruri, mwenyekiti wa wakazi wa kilima, alikutwa juu yake kifudifudi, amekufa.

"Hawa walikuwa wapi Jumanne?" Wawira aliuliza.

"Hapo hapo," alijibu Natalie, binti ya marehemu, ambaye siku hiyo alitoka usiku kwenda soko la bondeni na kurudi jioni. "Baba aliwajengea banda la mbao wakalikataa. Chini hapa kuna joto. Usiku na mchana ni hapa tu."

"Kuna aliyekufa?"

"Hata aliyekohoa hakuna."

Wawira akainuka, magoti yakalia. "Sajini, andika hiyo."

Sajini Kiptanui alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyetoa maneno kama anayelipia kila moja. Alilamba ncha ya kalamu. "Niandike jogoo amesema nini, Madam?"

"Andika kwamba ile gesi ya sumu iliyomuua mwanamume mzima iliwaruka kuku waliolala miguuni pake. Gesi yenye adabu! Hiyo gesi ni nzito, Sajini, hutambaa chini kama nyoka. Kama ingetoka hapa ingeanza na huyu bwana mwenye upanga mwekundu kichwani."

Alisema kwa mzaha, lakini taya lilikuwa limekaza. Afisa wa kituo kidogo cha bondeni alikuwa ameifunga faili kwa usiku mmoja: gesi, ajali, kwisha. Hakuna aliyeulizwa kitu. Na hilo neno ajali, dogo hivyo, lilikuwa limepewa kazi kubwa. Jumatano asubuhi, mzee hata hajapoa mochari, kampuni ya Joto Bonde ilitangaza kwa kipaza sauti kilima kizima: kwa kuwa mvuke umeua mtu, paipu zote za maji zitajazwa simiti, kwa usalama wa wananchi. Lori lingepanda leo Ijumaa, mchana.

Paipu zenyewe ndizo zilizokuwa uhai wa kilima cha Motoni. Hapakuwa na mto huko juu, wala kisima. Wazee waliohamia pale walikuta ardhi inafuka kama chungu, wakaweka paipu ndefu za chuma juu ya matundu, wakaziinamisha kidogo. Hewa ya baridi ikiupoza mvuke ndani ya chuma, unageuka maji, unashuka kwenye pipa upande wa pili. Kila boma lilikuwa na paipu yake. Wawira alipofika na Kiptanui saa moja asubuhi, ukungu bado umeshika mteremko, paipu zote zilikuwa zinamimina na kila mama yuko kwake anakinga. Alinawa uso kwa maji ya mzee Hezekiah. Yalikuwa ya uvuguvugu, matamu, hayana chumvi hata kidogo.

"Mwezi wa kwanza, vurugu za uchaguzi zilipofika mtaani kwetu Kaptembwo, nilitoka Nakuru na cherehani kichwani," Natalie alisema, akiitazama paipu. "Nyumba nimeiacha ikiwaka. Nikasema, angalau juu kwa baba kuna maji. Sasa hawa wanakuja kuniambia maji ndiyo yamemuua. Inspekta, nilikaa kwenye korido yenu siku nzima sikutaka mtu anipe pole. Nilitaka mtu apande huku."

"Nimepanda."

"Basi kabla ya hilo lori, tafadhali."

Wawira aliitikia kwa kichwa. Jana alikuwa amezungumza na daktari aliyempasua mzee. Daktari alikuwa na mambo mawili. La kwanza, kidonda kilikuwa kisogoni.

"Mtu anaanguka kifudifudi," Wawira alimwambia Kiptanui, "halafu anajigonga kisogo. Anafanyaje?"

Kiptanui akafikiri. "Labda alianguka mara mbili."

"Labda. Natalie, hapa juu nani anajenga kwa simiti?"

"Simiti?" Natalie aliangua kicheko kikavu. "Madam, angalia hizi nyumba. Udongo na mabati. Simiti iko kule kambini kwa kampuni peke yake."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la pili. Chini ya kucha za mzee, mikono yote miwili, kulikuwa na simiti.

*

Kambi ya Joto Bonde ilikuwa kontena chache zilizopakwa rangi ya kijani, na ubao mkubwa langoni: NISHATI SAFI KWA KIZAZI KIJACHO. Megawati 60. Chini yake kulikuwa na picha ya mtoto anayecheka chini ya balbu. Kiptanui alisimama akausoma ubao wote taratibu, halafu akatazama nyumba za mteremkoni.

"Huku kuna stima, Madam?"

"Kuna balbu. Ile pale kwenye picha."

Injinia Pranav aliwapokea akiwa amevaa buti zenye tope na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuwa mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kabisa. Wawira hakumpa nafasi ya kuagiza chai.

"Kwenye baraza la mwezi uliopita, ulimwambia marehemu mbele ya watu wote: utaondoka hapa kwa mguu au kwa machela. Ameondoka kwa machela."

Pranav akafunga macho. "Nilijua mtakuja na hiyo."

"Tumekuja nayo."

"Nilikuwa namwonya! Tukifungua kisima cha majaribio, mvuke unaruka juu kuliko mnara wa kanisa. Boma lake liko karibu sana. Nilikuwa na hasira, nikasema vibaya. Mzee alikuwa mbishi, Inspekta. Nilimpenda, lakini alikuwa mbishi."

"Simiti ya kampuni inakaa wapi?"

"Kontena ya nyuma."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi." Kisha akaona anakopelekwa, rangi ikamtoka. "Lakini Jumatatu jioni nilishuka Nakuru. Mke wangu alikuwa anajifungua. Sapna. Nilikuwa hospitali mpaka Jumatano, muulize nesi yeyote, nilizimia mbele yao."

"Ulizimia?"

"Kidogo."

Wawira alimtupia Kiptanui jicho, naye akatoka nje na simu, akitafuta mahali penye mtandao. Walimwona dirishani akizunguka kontena mkono umeinuliwa juu. Wawira akavuta kiti karibu na meza.

"Hebu nifundishe kitu wakati tunasubiri. Hiyo sitini ya pale langoni. Ulipima ukaipata wapi?"

"Sikuipima."

"Nani aliipima?"

Pranav alicheka bila furaha. "Hakuna. Unataka kujua lengo linavyowekwa? Watu wanakaa hoteli, pembeni ya ziwa. Kuna mkubwa atasafiri mkutano wa nje, anataka namba ya kutangaza. Ikiwa ndogo, wakopeshaji hawaji. Kwa hivyo wanaanza na namba ya mwisho, ile kubwa ya nchi nzima. Halafu wanaigawa. Kilima cha kwanza chukua mia na arobaini, cha pili chukua mia. Wakafika Motoni, ilikuwa imebaki sitini."

"Imebaki."

"Ndiyo. Ili jumla ikae sawa. Mimi nililetwa kutafuta mvuke wa kutosha hiyo namba. Nimepima, Inspekta. Nikisali sana napata ishirini."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wakanijibu kwamba ishirini haiwezekani kwa sababu sitini imeshatangazwa."

Wawira alikuwa amesikia upumbavu wa kila aina kazini, tena mwingine umelewa, mwingine umeshika panga. Huu ulikuwa umevaa tai, na ndio uliomchemsha zaidi.

"Mkikosa hiyo sitini?"

"Leseni inakwisha mwisho wa mwezi huu, isipokuwa tukionyesha eneo lote liko wazi, hakuna mtu anatumia mvuke mwingine. Kila paipu ya mwanakijiji ni mvuke umetoka kwenye hesabu. Wakubwa wanaamini hivyo. Ni uongo, paipu hizi ni pumzi tu, haziongezi wala kupunguza. Lakini kwenye mchoro zinaonekana."

"Na mkopo?"

"Mkopo unalipwa, mvuke uwepo usiwepo."

"Na nani?"

"Na kila mwenye mita. Angalia bili yako. Kile kipande cha chini chenye maandishi madogo."

"Kile kipande nakijua," Wawira alisema. "Mwaka huu kimenenepa kuliko bili yenyewe. Nilidhani ni dizeli ya mitambo ya umeme."

"Sasa ni dizeli. Tunakuja kuiondoa dizeli, halafu tukae mahali pake."

"Na hawa wa huku juu? Hawana mita hata moja."

Pranav hakumtazama. "Wanalipa kwa maji," alisema.

Wawira alipiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka. "Na wewe ukakaa hapa na buti zako! Unajua namba ni ya kubuni, unajua paipu hazina hatia, na leo lori linakuja, umekaa!"

"Nina mtoto wa siku tatu, Inspekta."

"Hezekiah naye alikuwa na mtoto. Yuko kule juu analinda paipu na fimbo."

Kiptanui akaingia. "Hospitali wamethibitisha, Madam. Alikuwepo Jumatatu usiku na Jumanne kutwa. Nesi amesema alianguka akavunja stuli." Akamgeukia Pranav. "Hongera, boss. Mtoto wa kike."

Mshukiwa ambaye Wawira alikuwa amemwandalia pingu moyoni tangu jana alikuwa amemponyoka, tena amebaki na hasira yote mkononi.

"Ufunguo wa kontena. Ulipokwenda hospitali ulimwachia nani?"

"Zeddy."

*

Zeddy alikuwa afisa wa mahusiano ya jamii. Kazi hiyo, kwa jinsi watu wa Motoni walivyoieleza, ilikuwa kuvaa viatu visivyofaa mlima na kusema mambo yatakuwa sawa. Alikuwa akilala Lanet, pembeni ya Nakuru, kwenye nyumba mpya, akipanda kilimani na pikapu ya kampuni siku za mikutano. Aliingia ofisini akinukia marashi, miwani ya jua imekaa juu ya nywele.

"Madam Inspekta! Karibu Motoni. Poleni na baridi. Sajini, niaje, boss?"

"Niko," Kiptanui alisema.

"Watu wanasema wewe ndiye wa mwisho kumwona mzee akiwa hai," Wawira alimwambia.

"Kwa masikitiko makubwa, ndiyo. Jumanne, saa sita mchana. Nilikwenda kumsalimu. Unajua watu wanasema eti tulikuwa maadui, lakini mimi na mzee tulikuwa tunaelewana sana. Nilimkuta peke yake anakinga maji. Akanipa ya kunawa, akanijazia na mtungi wa kubeba. Hivyo ndivyo alivyokuwa, mkarimu. Tukaagana vizuri. Jioni nasikia gesi imemchukua." Akatikisa kichwa. "Ile mivuke ni hatari, Madam. Tumesema mara ngapi?"

"Alikujazia mtungi mzima?"

"Wa lita ishirini. Dakika chache tu, tunapiga story, umejaa."

"Kutoka kwenye pipa?"

"Kutoka kwenye paipu yenyewe. Maji yanatoka kwa nguvu pale, kama bomba la mjini. Hata nilishangaa."

Wawira aliitazama saa yake. Halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Kiptanui, aliyekuwa amefanya naye kazi tangu enzi za wizi wa nyaya, akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

"Zeddy, ndugu yangu, wewe ni shahidi mzuri. Unaeleza kitu mtu anakiona. Hebu twende ukatuonyeshe, kabla ya lori. Ulisimama wapi, mzee alisimama wapi. Kazi ya dakika chache. Kumbuka kubeba mtungi."

"Sasa hivi?"

"Saa sita inakaribia. Tutafanya vile vile ilivyokuwa. Wakubwa wanapenda hivyo kwenye faili."

*

Walipofika bomani jua lilikuwa juu ya utosi na ukungu ulishasahaulika. Natalie alikuwa amesimama mlangoni na fimbo, kina mama wa mabomani jirani wamekuja kumpa nguvu, wamekaa kando ya ua. Injinia Pranav naye alikuja, hakuna aliyemwita. Alisimama mbali kidogo na wote.

"Mzee alikuwa hapa," Zeddy alisema, akionyesha mwisho wa paipu. "Mimi hapa. Mtungi hapa." Akauweka chini ya mdomo wa paipu kwa madaha, mkono mmoja mfukoni. "Tukawa tunaongea."

"Vizuri. Tungoje ujae," alisema Wawira, na akakaa juu ya jiwe.

Wakangoja.

Tone moja likavimba kwenye mdomo wa paipu. Likaning'inia. Likafikiri. Likaanguka ndani ya mtungi kwa sauti ndogo ya aibu. Wote wakaangalia mdomo wa paipu. Ulikuwa mkavu. Kiptanui alitoa hindi la kuchoma mfukoni, akalipukuchua punje moja moja.

Tone la pili likaja.

"Pengine kuna kitu kimeziba," Zeddy alisema.

"Pengine."

Aliinama akachungulia. Akagonga paipu kwa kidole, akakirudisha haraka na kukitia mdomoni. Chuma kilikuwa moto kama kikaango. Mama mmoja kule uani alicheka, akanyamazishwa.

"Natalie," Wawira aliita bila kugeuka, "Jumanne mchana kulikuwa na mawingu hapa?"

"Jua kama leo."

"Paipu ya baba yako ikipigwa na jua la mchana inatoa maji?"

"Haiwezi. Chuma kikiwa moto mvuke unapita hivyo hivyo, unapotea hewani. Sisi hukinga alfajiri, chuma kikiwa na baridi. Jua likitoka, kila mtu anachota kwa pipa lake mpaka kesho. Hata mtoto anajua."

"Mimi si wa huku," Zeddy alisema haraka. "Labda nimekosea. Labda alichota kwa pipa. Kwani ni kosa kusahau maji yalitoka wapi?"

"Si kosa. Na sidhani umesahau." Wawira aliinuka akakung'uta sketi. "Wewe umeeleza maji yanayotoka kwa nguvu kama bomba la mjini. Mimi nimeyaona hayo maji leo saa moja, nimenawa. Yako hivyo hasa. Kwa hiyo uliyaona, Zeddy. Mtu hawezi kubuni kitu sawasawa hivyo. Kuhusu maji umesema ukweli mtupu. Umedanganya kuhusu jua."

Zeddy alivuta miwani kutoka kichwani akaivaa.

"Itoe," Wawira alisema.

Akaitoa.

"Ulikuwa hapa Jumanne alfajiri. Wakati huo kila mama yuko kwa paipu yake na mvuke umefunga kilima, mtu hamwoni jirani. Halafu ukahitaji kusema mzee alikuwa hai baadaye, ukasema saa sita, ukasahau kubadilisha picha. Ukaibeba ya alfajiri ukaipeleka mchana nzima nzima, na maji yake. Ulikuja na nini kwenye pikapu?"

"Sikuja na kitu."

"Ya chini uliizoa, lakini mzee ana simiti chini ya kucha."

Tone lingine likaanguka mtungini.

"Ufunguo wa kontena ulikuwa kwako," Pranav alisema kutoka kule aliposimama. Sauti ilimtoka nyembamba. "Zeddy. Gunia moja lilipungua. Nilidhani nimehesabu vibaya."

"Wewe nyamaza!" Zeddy alimfokea. "Wewe unapima mawe yako unakwenda kulala! Mimi ndiye napigiwa simu! Mimi ndiye naambiwa mwisho wa mwezi hakuna paipu, na mimi ndiye ninayetukanwa na hawa watu kila baraza!" Akamgeukia Wawira. "Nilitaka kuziba moja tu. Moja! Kama mfano. Waone haitoki damu. Nikasema nianze na ya mwenyekiti wao, wengine watalegea."

Natalie aliangusha fimbo. Hakuna aliyemshika, hakwenda popote.

"Endelea," Wawira alisema, kwa sauti ya chini sana.

"Akaniona namwaga. Akaja akaanza kuichimbua kwa mikono, simiti bado mbichi, anaitoa tunduni anaitupa huko. Mzee wa umri huo! Nikamwambia mzee wacha, hii ni ya serikali, ni ya nchi. Hata hakunijibu. Amenipa mgongo anachimba tu. Nilikuwa na sepeto."

Kiptanui alikuwa ameshalifutika hindi lake mfukoni. Alimfunga pingu bila haraka, akiangalia zisimbane ngozi.

"Nani alikupigia simu?" Wawira aliuliza.

"Ofisi."

"Hiyo ofisi ina jina alilopewa na mama yake?"

"Hawasemi majina. Wanasema ni ofisi. Wanasema, sitini ni sitini." Zeddy alianza kulia. "Hata wao wanapigiwa."

Wawira alitamani sana kumpiga mtu. Huyu hapa hakutosha. Alikuwa mdogo mno kwa hasira yenyewe, na wale waliotosha walikuwa hotelini pembeni ya ziwa wanagawa kilichobaki.

Ndipo wakalisikia lori. Lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza, linalia, na kabla halijatokeza kwenye kona simu ya Wawira nayo ikaanza. Ilikuwa mkubwa wake wa Nakuru.

"Wawira! Nasikia umepata mtu."

Habari zilikuwa zimeshuka mlima haraka kuliko pikipiki. "Ndiyo, bwana mkubwa. Amekiri mbele ya watu."

"Kazi safi. Mlete. Na huko kwingine uwaache wenyewe waendelee. Ni mradi wa kitaifa. Muuaji unaye, ajali au si ajali, paipu bado ni hatari. Umenielewa?"

"Bwana mkubwa, mtandao unakatika."

"Haukatiki. Nakusikia vizuri kabisa."

"Mimi sikusikii," alisema Wawira, akaizima.

Lori lilisimama mbele ya boma, magunia yamepangwa hadi juu. Dereva akachungulia, akaona pingu, akaona kina mama wamesimama sasa, wote. "Mathe, ni hapa wanaziba?"

"Subiri hapo hapo, mzee. Usizime injini," Wawira alimwambia. Akamvuta Kiptanui kando. "Sheria inasemaje kuhusu kielelezo?"

"Kisiguswe, kisibadilishwe, mpaka mahakama ikione."

"Na kama kielelezo hakibebeki?"

"Basi jaji anakuja kukiona kilipo, Madam."

"Mshukiwa amesema alitaka kuziba paipu hii kama mfano. Mfano wa nini?"

Kiptanui alifikiri. Halafu, polepole, uso wake mrefu ukaanza kupata mwanga. "Wa zile nyingine zote."

"Sasa tutathibitishaje sababu ya mauaji bila zile nyingine zote?"

"Haiwezekani, Madam. Kesi itaanguka."

"Andika. Kila paipu kilimani Motoni ni kielelezo katika kesi ya mauaji. Atakayeimwagia simiti hata kijiko ameharibu ushahidi, na nitamfunga mimi mwenyewe, awe dereva, awe ofisi." Akampazia sauti dereva. "Umesikia, mzee?"

"Nimesikia tangu mwanzo," alisema dereva, ambaye tayari alikuwa anatafuta gia ya kurudi nyuma.

Hawakuwa na utepe wa polisi. Ule wa mwisho uliisha mwezi wa kwanza, wakati ambapo Nakuru nzima ingestahili kuzungushiwa. Mama mmoja alileta kamba ya katani ya kufungia mbuzi. Kiptanui akaanza kuizungusha kutoka nguzo hadi nguzo.

Wawira alikwenda kwa Natalie. Alikuwa amekaa chini sasa, mahali babake alipochimba.

"Kuna jambo lazima nikuambie mimi, usije ukaambiwa na wakili," alisema. "Hii kamba inakaa mpaka hukumu. Siku jaji akimaliza kesi, kielelezo si kielelezo tena. Wanaweza kuja."

"Kesi ya mauaji Nakuru inachukua muda gani?"

"Baada ya yaliyotokea mwaka huu? Faili zimefika dari. Miaka. Mtu akiisukuma kila wiki, kama ulivyonikalia koridoni, inaweza kwenda haraka. Usipoisukuma, italala."

Natalie alimtazama Zeddy, aliyekuwa anaingizwa nyuma ya Landrover, kichwa kimeshikwa kisigonge mlango. Alimtazama muda mrefu.

"Yaani nikitaka huyu ahukumiwe, maji yanakwisha," alisema hatimaye. "Nikitaka maji, baba anangoja."

"Ndiyo."

"Nani aliyepanga hivyo?"

Jibu alilokuwa nalo Wawira halikuwa la kutamkwa mbele ya kina mama.

Natalie akainuka. Alimfuata Kiptanui hadi nguzo ya mwisho, akamnyang'anya ncha ya kamba bila neno, akaizungusha, akapiga fundo. Akalitazama, halikumridhisha, akapiga la pili juu yake, na la tatu, la kukaa miaka, akalikaza kwa meno.